Kutoa Vipuri Vidogo Kwenye Bodi za Simu na Redio kwa Usalama
(Mada kwa mafundi na wananchi wa Kata ya Kwashemshi)



Simu ya mkononi leo ni pochi, benki na posta ya kaya. Kwa simu mkulima hupokea malipo ya mazao yake, na kwa simu mzazi hutuma ada ya mtoto. Inapozimika, kimbilio la kwanza ni fundi wa jirani. Kwa hiyo, namna fundi anavyotoa kipuri kibovu kwenye bodi si jambo lake peke yake. Linamhusu mteja aliyemkabidhi mali, na linawahusu watoto wanaocheza karibu na meza ya kazi.

Redio za zamani zilikuwa na vipuri vyenye miguu iliyopenya matundu ya bodi na kulehemiwa upande wa pili. Vipuri vingi vya sasa hukaa juu ya bodi, vikishikwa na lehemu kwenye vibati vyembamba vya shaba. Vipo vyenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Kipuri kikivutwa kabla lehemu haijayeyuka, hung'oka pamoja na kibati chake, na njia ya umeme hukatika. Maji yakimwagika hayazoleki: kipuri cha bei ndogo huweza kuiua bodi nzima.

Kanuni kuu ya kazi hii ni moja: kipuri hakivutwi, bali husubiriwa mpaka kiachie. Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki kuanzia Julai 1, 2006, na viwanda vingi duniani vikafuata. Lehemu isiyo na risasi, yenye bati, fedha na shaba, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Ndiyo maana fundi aliyezoea redio kuukuu huiona bodi ya simu kuwa ngumu, akaongeza nguvu ya mkono mahali panapohitaji joto na subira.

Hatua ya kwanza ni kuondoa umeme. Betri ya simu itolewe kabla ya moto kukaribia, kwa kuwa betri ya lithiamu ikipata joto kali huweza kulipuka. Kwa televisheni na chaja, kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi, kapasita kubwa huweza kuhifadhi takribani volti 325, na umeme huo hubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Kapasita itolewe chaji kwa rezista inayofaa, kisha ipimwe kwa mita. Kuigusisha bisibisi ni kuhatarisha macho na maisha.

Hatua ya pili ni kupaka fluksi, ambayo husaidia lehemu kuyeyuka na kutiririka vizuri. Vipuri vya jirani vikingwe kwa utepe unaostahimili joto.

Hatua ya tatu ni kupasha. Mashine ya hewa ya moto, ambayo mafundi huiita bloa, izungushwe taratibu juu ya eneo lote ili bodi ipate joto hatua kwa hatua, maana joto la ghafla hupasua kapasita ndogo. Kisha kipuri kiguswe kidogo kwa kibano. Kikisogea na kurudi chenyewe mahali pake, lehemu imeyeyuka. Hapo kiinuliwe wima. Kisiposogea, muda wake haujafika. Kwa fundi asiye na bloa, kipuri chenye ncha mbili huweza kuongezewa lehemu mpya pande zote, kisha ncha zikapashwa kwa zamu hadi kiachie. Mwishowe lehemu iliyosalia ifyonzwe kwa utambi wa shaba, na bodi ikipoa isafishwe kwa spiriti, mbali na moto.

Upo pia mtindo wa kuweka bodi juu ya jiko la mkaa ili vipuri vidondoke. Mkaa hauna kipimo cha joto, na plastiki ya bodi ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Mtindo huo uachwe kabisa.

Hata kazi iliyofanywa vizuri ina moshi wake. Moshi unaoonekana wakati wa kulehemu hutoka hasa kwenye fluksi, na ule wa ulimbo huweza kusababisha pumu. Dirisha liwe wazi, na feni ivute moshi kuuondoa usoni pa fundi. Risasi, kwa upande wake, huingia mwilini zaidi kwa njia ya mikono na chakula. Fundi asile wala kunywa mezani pa kazi, na anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Bodi zilizokufa zisichomwe wala kutupwa shambani. Zipo kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Taka hizo zihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na watoto, hadi zikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Fundi aliyejifunza kazi mtaani anaweza kupitia VETA kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake. Kwa upande wa vifaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi chenye sifa kinaweza kuomba ili kupata bloa, mita na feni. Mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Mteja naye ana wajibu: ampe fundi muda. Anayesimama mlangoni akihimiza ndiye anayeufanya mkono uvute kabla lehemu haijayeyuka.