Majaribu ya Jangwani

Somo letu la asubuhi hii latoka katika Injili ya Mathayo, mlango wa 4, aya ya 1 hadi ya 11. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo, habari yenyewe aijua: Bwana wetu aliongozwa jangwani, akafunga siku arobaini, kisha Ibilisi akamjia.

Sisi tunaokaa Garissa habari hii twaisoma kwa macho yetu wenyewe. Ukishaipita Mwingi ukielekea Mto Tana, mashamba huisha, miiba huanza, na jua halina huruma. Jangwa hatuhitaji kuelezwa. Wala hatuhitaji kuelezwa jinsi jiwe liwezavyo kufanana na mkate machoni pa mtu ambaye hajala.

Angalieni basi jinsi yule mjaribu alivyofanya kazi yake. Hakuja siku ya kwanza, Bwana akiwa na nguvu. Alingoja njaa. Tena hakuanza na jambo la aibu. Watu wengi wakisikia neno majaribu hufikiri pombe, kamari na mke wa jirani. Hayo yapo, na mahubiri yake tumeyasikia mpaka tumeyazoea. Lakini mkate si dhambi. Mwenye njaa kutaka kula si dhambi. Ibilisi alichukua haja ya kweli, akaiweka mbele ya Bwana kama kwamba ni amri kubwa kuliko amri ya Baba yake.

Jambo hili tulilijua zaidi wakati wa ukame. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Mizoga ilikuwa kando ya barabara, na waliokuwa na ngamia ishirini wakabaki na watatu. Washirika wetu wengi si wafugaji; ni vibarua wa mashamba ya kando ya mto, mabawabu, na akina mama wauzao mboga sokoni. Mfugaji akikosa, na hao hukosa, kwa maana hakuna wa kununua.

Chakula cha msaada kilipokuja tuliambiwa tulete majina ya jamaa za kanisa letu zenye shida. Tukaketi usiku na daftari la washirika. Majina ya kweli yalikuwa machache. Lakini daftari lilikuwa na majina mengi mengine, ya watu waliohama. Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na baada ya hapo wengi wa washirika wetu walirudi kwao Kitui, Machakos na kwingineko. Hatukuwahi kuyafuta majina yao. Nani aliyekuwa na moyo wa kuyafuta?

Usiku ule tukaona njia. Jina la jamaa iliyohama lingeleta mahindi, maharagwe na mafuta, na hayo yangeliwa na mjane aliyebaki. Hakuna ambaye angeuza hata kibaba kimoja. Tena tulisikia kwamba wengine nao walizidisha orodha zao. Tukaandika majina kumi na moja. Mkono haukutetemeka, ndugu zangu. Tuliandika kama mtu aandikaye cheti cha ubatizo.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la mama ambaye hakuhama. Tulimzika sisi wenyewe. Hapo kalamu ikasimama.

Ndipo tukakumbuka habari ya basi la Mandera. Novemba 2014 basi moja kutoka Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki, wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine likasimamishwa karibu na El Wak, na abiria wakaambiwa wajitenge namna ile ile. Waislamu waliokuwamo wakakataa. Akina mama wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na wengine wakasema, kama ni kuua, mtuue sote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016.

Hatutaki kuingia katika ubishi wa dini hapa. Twasema tu kwamba habari ile ilituaibisha ilipotufikia, kwa maana mwaka ule ule wa 2015 midomo yetu wenyewe ilikuwa imesema maneno juu ya jirani zetu ambayo hayafai redioni. Na usiku wa daftari ilituaibisha mara ya pili. Mwalimu yule alitakiwa afanye jambo dogo sana: asogee upande mwingine. Angesogea, angeishi. Sisi hatukuwa na bunduki mbele yetu, ila kalamu na taa.

Majibu yote matatu ya Bwana Yesu jangwani yanatoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6 na wa 8, ambamo Israeli wanakumbushwa safari yao na ile mana. Katika Kutoka 16 twasoma kwamba waliojiwekea mana ya ziada asubuhi waliikuta imeingia mabuu. Twadhani nao walikuwa na sababu nzuri. Walikuwa na watoto.

Asubuhi tukaipeleka orodha bila yale majina kumi na moja. Mwenyekiti wa kamati, mzee Msomali wa mtaa wetu, akaihesabu, akauliza, "Pasta, ni hawa tu?" Tukamwambia ni hawa tu, tukamweleza na yale tuliyokuwa tumeandika usiku. Akanyamaza kitambo, kisha akaomba arudishiwe orodha ya watu wake mwenyewe.

Lakini tusiwadanganye. Mathayo asema malaika walikuja wakamtumikia Bwana. Sisi hatukuona malaika. Chakula kilikuwa kichache, na mama mmoja mwenye watoto watano alipata nusu ya alichohitaji. Alipojua kwamba tungeweza kuongeza majina tukakataa, alituuliza mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, "Mchungaji, wanangu wale utii wako?" Hatukuwa na jibu. Jumapili mbili hakuja ibadani. Ya tatu alikuja, akaketi nyuma. Jibu bado hatujampa.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeona njaa jangwani, uwaangalie wote ambao leo wamewekewa mbele yao orodha, au hundi, au njia ya mkato. Umkumbuke mama yule na watoto wake watano, na majirani zetu wa kando ya Tana. Na mvua, Bwana, utupe mvua. Amina.