Nywila za Duka Zikae na Mwenye Duka



Duka dogo halihitaji kuajiri fundi wa kompyuta wa kudumu. Mwenye duka anaweza kulipa mtaalamu wa nje kila mwezi, aje mashine ikikwama au eTIMS ikikataa kutoa risiti. Shida huanza fundi huyo anapokuwa mtu pekee anayejua nywila. Siku akihama, au wakikosana, hesabu, madeni na nambari za wateja hubaki zimefungiwa ndani.

Kwa hivyo mkataba uandikwe kabla ya kazi kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautaka, fundi anaposhughulikia taarifa za wateja kwa niaba ya biashara. Zikivuja na kuhatarisha wateja, mwenye biashara ndiye anayepaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue.

Nywila kuu zikae na mwenye duka. Nakala ya hesabu iwekwe mahali pengine kila wiki, na ijaribiwe kama inafunguka. Pesa za kompyuta mpya ziwekwe kidogo kidogo, kabla ya hii iliyopo kuzimika.

Fundi hukodishwa, lakini jukumu hubaki dukani.