Gramafoni ya Kudumu, na Sindano Isiyoharibu Santuri

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo katika masikio ya wengine laweza kuwa ni la anasa, nalo ni kuchagua gramafoni ya nyumbani itakayodumu, pamoja na katriji yake, yaani kile kijisanduku kidogo kilicho mwisho wa mkono wa mashine, ambacho hushika sindano. Twaomba ruhusa tulitazame kwa namna nyingine. Katika nyumba nyingi zetu zimo santuri zilizoachwa na wazee, na baadhi yake hazikupata kuchapwa tena. Sindano mbovu ikipita juu ya santuri hukwangua mfereji wake, na sauti iliyokwanguliwa hairudi kwa fedha yo yote. Basi anunuaye mashine mbaya hapotezi mshahara wake tu. Hupoteza na urithi ambao hakuulipia yeye.

Neno tulilo nalo ni moja. Gramafoni inunuliwe kwa kuutazama mwaka wa ishirini. Siku ya kwanza kila mashine huimba. Mwaka wa ishirini huimba ile tu ambayo vipande vyake vinavyochakaa vyaweza kupatikana na kubadilishwa.

Jambo la kwanza: mtu ajue ana santuri gani.

Yafaa kuanza na kabati kabla ya kwenda dukani. Santuri za zamani, zile nzito zivunjikazo kama sahani ya udongo, huzunguka mara 78 kwa dakika. Nyingi zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki. Bi Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, nyimbo zao zilitoka katika santuri za namna hiyo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya plastiki, ambayo huzunguka mara 33 na theluthi moja. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyopendwa sana kwetu Afrika ya Mashariki, na santuri nyingi za bendi za Kenya na Tanzania zilichapwa Nairobi kwa umbo hilo. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa watu wote mwaka 1958. Mfereji wake una kuta mbili, na kila ukuta huchukua sauti ya upande wake: wa ndani sauti ya kushoto, wa nje sauti ya kulia.

Mifereji hiyo haina upana mmoja. Santuri ya 78 yataka sindano ambayo ncha yake ni kama sehemu 3 za elfu moja ya inchi. Santuri ndefu yataka ncha isiyofika hata sehemu moja ya elfu. Ukitia sindano nyembamba katika mfereji wa 78, itatumbukia mpaka chini na kuburura takataka za miaka mingi. Ukitia sindano nene katika santuri ndefu, itapanda juu ya kingo na kuzivunja. Mwenye santuri za namna zote mbili, basi, ahesabu tangu mwanzo kwamba atahitaji sindano mbili, na mashine yenye mwendo wa 78.

Jambo la pili: mashine yenyewe.

Sahani ya gramafoni huzungushwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni gurudumu la mpira ligusalo mota na ukingo wa sahani. Garrard 301 ya Uingereza, iliyotoka katika miaka ya 1950, ni ya namna hiyo. Mashine hizo bado zatumika, kwa kuwa zilijengwa kwa chuma kizito na fundi aweza kuzifungua zote mpaka skrubu ya mwisho. Njia ya pili ni mkanda wa mpira, kama katika Rega Planar 3. Mashine hiyo haina mambo mengi ya kuharibika, na kubadili mkanda ni kazi ya dakika chache. Lakini mpira hukauka kwa joto, kwa hiyo mkanda wa akiba uwe ndani ya nyumba daima. Njia ya tatu ni mota iliyo chini ya sahani yenyewe, pasipo mkanda wala gurudumu. Mfano wake ulio maarufu ni Technics SL-1200, iliyoanza mwaka 1972. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2010, ukarudi mwaka 2016. Zilizotoka tangu hapo zina mwendo wa 78. Ile ya mwaka 1979 iitwayo MK2, ambayo yapatikana sana mikononi mwa watu, ina 33 na 45 tu.

Hatusemi kwamba njia moja ni bora kuliko zote. Twasema mnunuzi aulize maswali matatu: Je, kipande kinachochakaa kwanza ni kipi? Je, chauzwa peke yake? Je, mimi au fundi wa mtaani kwetu aweza kukitia? Mashine isiyojibu maswali hayo, hata ikiwa nzuri ya kutazama, ni mgeni atakayeondoka mapema.

Kuna jambo la umeme ambalo limewatia hasara watu wengi walioletewa mashine na jamaa zao kutoka Marekani. Umeme wa huko ni wa volti 120 na hupiga mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni wa volti 230 au 240, na mizunguko 50. Mtu hununua transfoma, akadhani kazi imekwisha. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadili mizunguko. Mota nyingi za mkanda na za gurudumu hufuata mizunguko hiyo ya umeme, kwa hiyo mashine itakwenda pole kwa sehemu moja katika sita: santuri ya 33 na theluthi itazunguka chini ya mara 28, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mwenye usingizi. Dawa yake ni kubadili puli ya mota kama kiwanda kiliitengeneza ya namna zote mbili. Mota zinazoongozwa kwa kioo cha kwatzi hazina ugonjwa huo, ijapokuwa volti bado zataka kuangaliwa.

Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika auondoe mkanda, aisukume sahani kwa kidole: yapasa izunguke kwa muda pasipo kukwaruza. Kisha aushike mkono kwa upole kuona kama una mlegeo. Katriji mbovu hubadilishwa kwa fedha kidogo. Ekseli iliyolika na mkono uliolegea huweza kugharimu kuliko mashine nzima.

Jambo la tatu: katriji.

Katriji hugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Katika aina moja, kijisumaku hutikisika karibu na nyuzi za shaba. Katika aina ya pili nyuzi ndizo zitikisikazo karibu na sumaku. Aina ya pili husifiwa sana na wajuzi. Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 kwa kazi ya utangazaji, ni ya aina hiyo na bado ina wapenzi wengi. Lakini umeme wake ni mdogo mno, kama sehemu 3 tu za elfu kumi ya volti, hata yahitaji kikuza sauti cha ziada. Na sindano yake ikiisha, mwenyewe hawezi kuichomoa. Hana budi kuipeleka katriji yote kwa fundi maalumu, au kununua nyingine.

Katika aina ya sumaku, sindano huchomolewa kwa vidole na kutiwa mpya. Kwa mtumishi anayekaa mbali na mafundi hao, twaona hiyo ndiyo njia ya busara. Audio-Technica VM95 ni mfano mzuri: mwili mmoja hupokea sindano za manoleo mbalimbali, tangu ile ya kawaida mpaka ile iliyonolewa kwa ufundi mkubwa, na imo pia ya santuri za 78. Ortofon nayo, katika katriji zake za 2M, huruhusu mwili wa Red kupokea sindano ya Blue. Hivyo mtu aweza kuanza kwa kidogo na kupanda pole pole pasipo kutupa alichokwisha kununua.

Hata hivyo, jina kubwa si dhamana. Mwaka 2018 Shure ya Marekani, ambayo katriji zake zilikuwa katika nyumba nyingi za dunia, ilitangaza kuiacha kazi hiyo. Wenye katriji zake waliokolewa na watengenezaji wengine, kama JICO ya Japani, wanaofanya sindano za kuingia katika miili ya zamani. Fundisho lake ni hili: katriji iliyouzwa kwa watu wengi ni salama kuliko ile ya ajabu iliyouzwa kwa wachache, maana penye wanunuzi wengi hatakosekana mtu wa kutengeneza sindano.

Jambo la nne: hesabu.

Sisi tulio watu wa madaftari twajua kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ncha ya sindano njema ni almasi, lakini almasi nayo huisha. Upande mmoja wa santuri ndefu una mfereji wa karibu nusu kilometa, na sindano huutembea wote kila mara. Watengenezaji hutaja maisha ya saa 300 mpaka 1,000, kwa kadiri ncha ilivyonolewa. Tuchukue mwanachama asikilizaye saa moja kila siku. Kwa mwaka ni saa 365, na kwa miaka kumi ni saa 3,650. Akitumia sindano za saa 500, atahitaji 8; akitumia za saa 1,000, atahitaji 4. Basi ikiwa bei ya hiyo ya pili haizidi mara mbili ya bei ya ile ya kwanza, hakutoa zaidi hata senti moja, na santuri zake zimepata raha. Kila pande tatu za santuri ndefu zihesabiwe kuwa saa moja, ziandikwe katika daftari, na sindano ibadilishwe kwa hesabu, isingojewe mpaka masikio yashitaki. Masikio yakishitaki, santuri imekwisha kuumia.

Uzito nao una sheria. Katriji ya VM95 yenye sindano ya kawaida huwekwa kwa gramu 2 hivi. Mashine nyingi za bei ndogo zilizotiwa katika visanduku vya kubebea hulaza uzito mkubwa kuliko huo, na hazina namna ya kuupunguza. Wala uzito usipunguzwe kupita kiasi kwa huruma: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuzipiga kuta. Kifuatwe kipimo cha kiwanda.

Santuri zisafishwe kabla ya kupigwa, kwa kuwa vumbi mbele ya almasi ni kama mchanga. Lakini santuri za sheleki zisiguswe kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha sheleki.

Kwa hiyo, mwenye fedha chache na azigawe hivi: kwanza sahani na mkono vilivyo imara, kisha katriji ya kawaida yenye sindano ya kubadilika, na ibaki akiba ya sindano ya pili. Katriji ya ghali juu ya mkono uliolegea ni kofia nzuri juu ya kanzu iliyochanika.

Wako watakaosema kwamba siku hizi simu yatosha. Simu hutoa nyimbo zilizotiwa humo na watu wengine. Wimbo uliomo katika santuri yako tu, hapana atakayeutia ila wewe. Naye atakaye kuunakili hana budi kuupiga kwanza, na kila mpigo wa sindano mbovu hupunguza kitakachonakiliwa.

Twamaliza kwa kuleta shauri. Chama kinunue mizani moja ndogo ya kupimia uzito wa sindano, na kipimo kimoja cha kunyosha katriji, viwekwe kwa Katibu, na kila mwanachama aviazime kwa zamu na kutia sahihi katika daftari. Vitu hivyo hutumika mara chache kwa mwaka, na hapana haja ya kila nyumba kununua vyake. Ikiwa mkutano utakubali, twaomba jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za leo.