Mahindi Mapya, Vipepeo na Mbegu ya Jirani
(Maneno kwa wakulima wa Ruangwa)

Mmeuliza juu ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba: je, yanaua vipepeo? Na jirani akiyapanda, shamba langu litakuwaje?

Wataalamu walichukua kinasaba cha bakteria wa udongoni wakakitia katika mahindi, na mmea ukajitengenezea sumu yake wenyewe. Bungua akiutafuna hufa. Faida hiyo si ndogo. Nyote mmeona bungua anavyokausha moyo wa mhindi.

Lakini sumu yaweza kuwamo pia katika chavua, yaani ule unga wa njano udondokao kutoka mbelewele. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliunyunyiza juu ya majani waliyolishwa viwavi wa kipepeo aitwaye monaki. Kwa siku 4 karibu nusu yao walikufa. Habari ikaenea duniani. Kumbe mwaka 2001 uchunguzi wa mashambani ulionyesha kwamba huko nje unga unaoangukia majani ni kidogo, na hatari yake kwa aina nyingi za mahindi hayo ni ndogo sana. Wengi huona kilichomdhuru zaidi kipepeo huyo ni mazao mengine mapya, yasiyokufa kwa dawa ya magugu. Dawa ilinyunyizwa shamba zima, na gugu linalolisha viwavi wake likatoweka.

Sasa habari ya jirani. Mhindi huchavuliwa na upepo, nao upepo haujui mpaka. Huko Kanada mkulima Percy Schmeiser alikutwa na mbegu za kampuni ya Monsanto katika shamba lake la kanola, zao la mafuta. Alidai zilikuja zenyewe. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilisema amevunja haki ya kampuni, kwa kuwa alizihifadhi na kuzipanda akizijua. Ila hakutozwa fidia. Kwa mtu aliyezoea kuweka mbegu yake darini, jambo hilo ni zito.

Hapa nchini mahindi yaliyobadilishwa yalijaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016. Novemba 2018 Serikali iliamuru majaribio yakome na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo akakataza majaribio ya namna hiyo.

Hata hivyo upepo ule ule huchanganya mbegu yako ya asili na chotara ya jirani. Anayetaka kuitunza aipande mbali, mita 200 au zaidi. Shamba likiwa dogo, apatane na jirani mmoja atangulie kupanda kwa wiki 4, maua yasikutane. Mbegu ichaguliwe katikati ya shamba, si ukingoni. Na ukiona hindi jeupe lina punje za njano, hizo zimechavuliwa na mahindi ya mwingine. Hindi hilo lipelekwe jikoni, lisiwekwe darini.