Kisiwa Kimoja, Riwaya Mbili: Nafasi ya Jiografia katika Usomaji wa Fasihi

Mada kwa semina ya walimu wa fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Fungueni daftari lolote la uchambuzi wa riwaya katika shule zetu, mtafute kipengele cha mandhari. Mtakikuta kwenye fani, baada ya wahusika na matumizi ya lugha, kimepewa mstari mmoja: mandhari ni ya kijijini na mjini. Mwanafunzi anaandika hivyo, mwalimu anatia vema, wote wawili wanasonga mbele. Nami nimeitia vema hiyo kwa miaka mingi, na leo naomba tuirudie pamoja.

Hoja yangu ni kwamba hadithi huchota sababu zake mahali inapotokea. Umbali, maji, udongo na majira huamua nani atakutana na nani, siri itafichwa wapi, na habari itachukua siku ngapi kufika nyumbani. Ili hoja hii isielee hewani, nitakaa mahali pamoja: kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Huko ndiko walikotoka waandishi wetu wawili wakubwa, Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi.

2.0 Kisiwa kilichoko bara

Kiswahili cha maandishi kimelelewa na bahari. Kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, tanga na omo ni maneno ya watu waliopanga maisha yao kwa kuutazama upepo na kupwa na kujaa. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa mtu wa Unguja ulimwengu una pande mbili, visiwani na bara. Mkerewe anauvuruga mgawanyo huo. Amezungukwa na maji kila upande, lakini akifika Unguja ataitwa mtu wa bara.

Hata jina la ziwa lina kisa. John Speke alipolifikia mwaka 1858, alikuta wafanyabiashara kutoka pwani wakiliita kwa jina la kisiwa hicho, Ukerewe. Yeye akalipa jina la malkia wake, nalo ndilo lililobaki kwenye ramani.

Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliichapisha mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali. Kazi ile ya kutafsiri ilikuwa pia kazi ya kuhamisha mahali: kuyaingiza maisha ya kando ya maji baridi katika lugha iliyokulia kando ya maji ya chumvi. Kwa maoni yangu, hapo Kiswahili kilitanuka.

3.0 Pombe ya ndizi ndani ya msuko

Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Masimango ya ndugu wa mume yanapozidi, wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani. Mume anamfuata ukweni, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi.

Mara nyingi tunalitaja tukio hili chini ya mila na desturi, kisha tunaendelea. Tulitazame kwa karibu. Pombe hiyo inadai migomba iliyostawi, na migomba inadai udongo na mvua. Ndizi zikatwe, ziivishwe, zikamuliwe, togwa itiwe mtama, kisha isubiriwe ichachuke. Kila hatua ina siku zake na inataka mikono mingi, nayo nyumba aliyoondoka mke imepungukiwa mikono. Kwa hiyo mwanamume huyu lazima awategemee wengine. Pombe ikiwa tayari, inabidi ifikishwe ukweni, na njia ni ya miguu.

Toba ya Myombekere, basi, inapimwa kwa shamba, kwa siku na kwa mwendo. Tukikihamishia kisa hiki penye minazi mitupu, au kwenye mbuga za wafugaji, wakwe watadai kitu kingine, muda wa kungoja utakuwa mwingine, na hata majuto ya mume yatakuwa na sura nyingine.

4.0 Maji kati ya baba na binti

Mwaka 1971 Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Riwaya inaanzia Namagondo, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria anamlinda binti yake Rosa kwa ukali na kwa kipigo. Kijijini ulinzi huo unawezekana, kwa sababu nyumba zinajuana na njia ya kwenda kisimani ina macho. Baadaye Rosa anakwenda kusoma Mwanza, kisha Morogoro kwenye ualimu.

Mtu wa Ukerewe hawezi kwenda Mwanza bila kuvuka maji. Ng'ambo ya ziwa fimbo ya baba haifiki, na binti hakuwahi kufundishwa njia nyingine ya kujilinda. Kila anaposogea mbali na kisiwa, malezi ya Zakaria yanazidi kuonyesha upungufu wake. Wanafunzi wetu huandika kwamba dhamira ya kitabu hiki ni malezi mabaya, na ni kweli. Lakini dhamira hiyo imejengwa juu ya ramani ya Namagondo, Mwanza na Morogoro. Tukiiondoa ramani, kinachobaki ni mahubiri.

5.0 Ramani nayo hubadilika

Ziwa aliloliandika Kitereza mwaka 1945 lilikuwa bado halijamjua sangara. Samaki huyo alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akaenea, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kijana wa leo anayekulia Nansio, kisiwani Ukerewe, akidhani ziwa ni sangara na dagaa, atakutana katika riwaya ya Kitereza na ziwa la babu yake.

Msomaji naye hubadilika. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, kilizama na kuua zaidi ya watu 200. Aliyefiwa siku ile hawezi kusoma habari za kuvuka ziwa kama msomaji wa 1971 alivyozisoma. Maneno ya kitabu ni yaleyale; maji yameongezewa uzito.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila riwaya tunayofundisha ichorewe ramani ya safari za wahusika, kwa mkono, ubaoni na daftarini. Pili, mwalimu wa fasihi na mwalimu wa jiografia wafundishe pamoja walau vipindi viwili kwa muhula. Tatu, swali la mtihani kuhusu mandhari lidai sababu: kisa hiki kingebadilika vipi kama kingetokea kwingine?

7.0 Hitimisho

Ndugu zangu, mwanafunzi akituandikia tena kwamba mandhari ni ya kijijini na mjini, tusiharakishe kutia vema. Tumuulize kati ya kijiji hicho na mji huo kuna nini. Akifikiri, akajibu kwamba kuna maji, na baba hawezi kuyavuka kila siku, huyo ameanza kumwelewa Rosa.