Usimamizi wa Udongo katika Kilimo cha Matikiti ndani ya Vitalu Nyumba: Tatizo la Minyoo Fundo katika Maeneo ya Kampala

1.0 Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ombi la waandaaji wa semina ya maafisa ugani na wakulima wa mboga na matunda wa Kampala na wilaya jirani za Wakiso, Mukono na Mpigi. Kitalu nyumba ni banda lililoezekwa kwa nailoni maalumu na kuzungushiwa wavu, ambamo mimea hukingwa na mvua na wadudu huku ikinyweshewa kwa matone. Usimamizi wa udongo ni jumla ya hatua zinazouwezesha udongo kubaki na rutuba, hewa, unyevu na afya. Fasili hizi zinafahamika kwa washiriki wote.

2.0 Hali ya Udongo kwa Jumla

Udongo mwingi wa vilima vya Buganda ni mwekundu, umechujwa virutubisho na mvua kwa muda mrefu, na una uchachu, ilhali tikiti hustawi pale ambapo pH, yaani kipimo cha uchachu huo, iko kati ya 6.0 na 6.8. Chokaa ya kilimo huhitajika mara nyingi, lakini haifai kuwekwa kabla ya udongo kupimwa katika maabara, kama zile za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, zilizoko Kawanda. Samadi ya kuku, inayopatikana kwa urahisi Wakiso, isitumike mbichi, kwa sababu huunguza mizizi na kuongeza chumvi, na ndani ya banda hakuna mvua ya kuziosha chumvi hizo. Kuhusu matuta, nafasi ya mimea na viwango vya mbolea za viwandani, miongozo iliyopo inatosha.

3.0 Minyoo Fundo

Minyoo fundo ni viumbe wa jenasi ya Meloidogyne, wasioonekana kwa macho, ambao huingia katika ncha za mizizi na kuifanya ivimbe vinundu, hivyo mmea hushindwa kufyonza maji na virutubisho hata pale ambapo vyote viwili vimejaa ardhini. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na katika udongo wenye joto la nyuzi 27 hivi za Selisiasi kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo zao moja la tikiti hulea vizazi viwili au vitatu kabla ya kuvunwa. Katika nchi za baridi majira ya kipupwe huwapunguza kasi. Kampala, iliyo jirani na Ikweta, haina majira hayo, na nailoni huwaongezea joto.

Dalili ya awali ni majani kunyauka mchana na kurejea jioni, na kwa kuwa hali hiyo hufanana na ukosefu wa maji, mkulima huongeza maji. Majani yakigeuka njano huongeza mbolea. Msimu unaofuata hulaumu mbegu. Ni nadra mmea kung'olewa na mizizi kutazamwa, ingawa kazi hiyo haihitaji maabara wala ada. Majeraha ya mizizi huwa pia mlango wa kuvu ya fuzari, inayoleta mnyauko, ambayo hudumu ardhini kwa miaka mingi hata pasipo tikiti.

Bila kuinyooshea kidole taasisi yoyote, ni lazima isemwe kwamba miradi mingi huhesabu mabanda yaliyosimamishwa, na ni michache inayouliza hali ya udongo katika msimu wa nne au wa tano. Banda likiwa limejengwa kwa mkopo, marejesho hayaruhusu ardhi kupumzika. Mkulima hubadilisha tikiti kwa nyanya, kisha kwa tango, na kuandika daftarini kwamba amefanya kilimo cha mzunguko, ilhali mazao yote matatu huwalisha minyoo walewale. Hata zile aina za nyanya zenye jeni la ukinzani liitwalo Mi hupoteza nguvu hiyo joto la udongo likizidi nyuzi 28, jambo la kawaida ndani ya banda.

4.0 Mbinu Zilizopo na Mipaka Yake

Gesi ya methili bromidi, iliyowahi kutegemewa duniani kuua viumbe vya udongo, iliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015 kuiacha. Mada hii haipendekezi dawa yoyote kwa jina, kwa kuwa usajili wa viuatilifu uko chini ya Wizara ya Kilimo.

Mbinu ya kuanika udongo kwa jua, iliyotangazwa na watafiti wa Israeli mwaka 1976, ni kufunika udongo uliolowanishwa kwa nailoni angavu kwa wiki 4 hadi 6. Mawingu ya Ziwa Viktoria huipunguzia nguvu katika mashamba ya wazi, lakini ndani ya banda lililofungwa, wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, joto hupanda vya kutosha kuua minyoo wa tabaka la juu. Walio chini zaidi husalimika na kurudi, kwa hiyo kuanika mara moja tu ni kujidanganya.

Kubebesha tikiti juu ya shina la boga husaidia dhidi ya mnyauko wa fuzari, lakini boga lenyewe hushambuliwa na minyoo, na wauzaji wa miche aghalabu hawalitaji jambo hili. Tikiti pembe, Cucumis metuliferus, mmea wa asili ya Afrika, una ukinzani dhidi ya minyoo hao na unastahili kujaribiwa kama shina la kubebeshea. Marejea, mmea wa jamii ya kunde unaojulikana sana kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania, huwanyima minyoo chakula na kurutubisha udongo, ila hauna soko, na hapo ndipo mazungumzo na mkulima mwenye deni huishia.

5.0 Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba mizizi ya mimea michache ing'olewe na kutazamwa kila baada ya mavuno, na mabaki yote ya mizizi yatolewe bandani na kuchomwa, yasitupwe kwenye lundo la mboji. Miche ikuzwe katika trei zenye udongo uliochemshwa au makapi ya nazi, kwani banda jipya mara nyingi huambukizwa na miche pamoja na udongo unaoletwa kutoka mabondeni. Viatu na majembe visafishwe mlangoni.

Udongo upimwe kabla ya kuweka chokaa, na samadi ioze kabla ya kutumika, kama ilivyokwisha kuelezwa. Msimu mmoja kati ya mitatu utengwe kwa marejea au kwa kuanika udongo, au kwa vyote viwili vikifuatana, na palipoharibika kupita kiasi tikiti lipandwe katika mifuko yenye udongo safi, iliyotenganishwa na ardhi kwa nailoni. Nyanya na tango visihesabiwe kuwa mzunguko.

Wakopeshaji wa mabanda waombwe kupanga marejesho yanayoacha msimu huo wa mapumziko, kwa kuwa bila hatua hiyo mapendekezo yaliyotangulia yatabaki kwenye karatasi. Taasisi za utafiti zijaribu tikiti pembe kama shina katika mazingira ya Kampala. Fomu za taarifa za miradi ziongezewe safu ya hali ya mizizi kando ya idadi ya mabanda; na iwapo fomu haziwezi kubadilishwa katika mwaka huu wa fedha, afisa ugani aiandike hali hiyo nyuma ya karatasi, aweke tarehe na kutia saini.