Mzaha wa Abunuwasi na Funzo Lake

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Abunuwasi wa hekaya ana asili ya kweli: ni Abu Nuwas, mshairi aliyezaliwa Ahwaz, nchi ya Waajemi, na mama yake Mwajemi. Aliishi Baghdad zama za Khalifa Harun al-Rashid. Hekaya zilizopewa jina lake zilivuka bahari hadi pwani yetu, na Kiswahili kilipofika Kigali, watu wa Biryogo nao wakacheka.

Aliazima sufuria, akairudisha pamoja na kijisufuria, akasema, "Imezaa." Mwenyewe akapokea kwa furaha. Alipoazima tena hakurudisha, akasema, "Imekufa." Waajemi humsimulia hivyo Mulla Nasreddin.

Watu humsifu mjanja, ilhali amekula amana. Wala mwenye sufuria hana udhuru: alijua kuwa shaba haizai, lakini tamaa ilimfunga ulimi. Kicheko kinawahukumu wote wawili.

Mtume wetu, s.a.w., alitania, wala hakusema ila kweli. Basi achekaye na ajiulize: chenji iliyozidi sokoni kwa kosa la muuzaji, je, ameirudisha, au naye amekubali kuwa imezaa?

Wallahu aalam.